Kamsa ya Melini Haifai Kitu Isipoeleweka

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii tunaifundisha katika kila shule, kutoka Kitale hadi Bungoma, na wanafunzi huikariri pasi na kutafuna maneno. Hata hivyo, ni nadra kwetu kuuliza maswali mawili yaliyojificha ndani yake. La kwanza, ni nani aliyeikagua pembe ya mgambo kabla ya siku ya jambo, akahakikisha kwamba haijapasuka? La pili, ni nani aliyewafunza wanakijiji lugha ya pembe hiyo, hata wakajua kuwa mlio huu si wa ngoma ya harusi? Pembe iliyopasuka hailii. Nayo pembe inayolia mbele ya watu wasioijua lugha yake ni kelele tupu. Nakusudia leo kuyajibu maswali hayo kwa kuviangalia vyombo vya kupigia kamsa melini, yaani redio, vitoa-ishara, fashifashi na vinginevyo ambavyo nahodha huvitegemea chombo kinapomzidi nguvu.

Huenda msomaji akashangaa. Kitale iko karibu na mlima Elgon, na Bungoma imezungukwa na miwa na mahindi. Mwalimu wa isimu katika nchi kavu kama hii ana shughuli gani na meli? Jibu langu liko mtoni. Trans Nzoia maana yake ni ng'ambo ya mto Nzoia, na maji ya mto huo hutoka katika vilima vya Cherangani na miteremko ya Elgon, yakapita Webuye na Mumias, yakamiminika katika Ziwa Victoria kule Budalang'i. Omena tunaowanunua katika masoko yetu walivuliwa usiku na watu waliokaa ndani ya mashua ndogo katika ziwa hilo. Aidha, vijana wetu wanaomaliza kidato cha nne wamo miongoni mwa Wakenya wanaotafuta kazi katika meli za dunia, na wengi wao huiona bahari kwa mara ya kwanza siku wanapoingia chuoni Mombasa. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Tena si jambo dogo. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama katika kivuko cha Mtongwe, Mombasa, hatua chache kutoka ufukoni, na watu 272 wakapoteza maisha. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na hata leo idadi kamili inabishaniwa kwa sababu orodha ya abiria haikukamilika. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Na tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na gati la Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Juu ya misiba hiyo mikubwa kuna vifo vya mmoja mmoja vya wavuvi ambavyo havifiki magazetini. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya vifo kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka katika Ziwa Victoria.

Nitangulie kusema wazi kwamba hakuna redio iwezayo kuiokoa feri iliyojazwa watu mara mbili ya uwezo wake. Kamsa ni ya pili. Ya kwanza ni kutoukaribisha msiba. MV Nyerere ilikuwa na kibali cha kubeba watu 101, na ilipopinduka gati lilikuwa machoni pa abiria. Lakini kwa kuwa bahari na ziwa havimheshimu hata nahodha mwangalifu, yatupasa tukijue chombo cha kamsa kinavyofanya kazi, na kwa nini mara nyingi hakifanyi.

Tuanze na historia kidogo, maana ni historia ya lugha. Mwaka 1906, mataifa yaliyokutana Berlin yalikubaliana kuhusu ishara moja ya simu ya upepo kwa meli zilizo hatarini: nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu. Tunaiandika SOS. Wengi hudhani kuwa herufi hizo ni ufupisho wa sentensi fulani ya Kiingereza. La hasha. Zilichaguliwa kwa sababu mpangilio wake ni mwepesi kupigwa na mgumu kuchanganywa na mwingine. Simu ya upepo ilipoanza kubeba sauti ya mtu, ilihitajika alama ya kutamkika. Mwaka 1923, Frederick Mockford, ofisa wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon karibu na London, alipendekeza neno «Mayday», lililotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya «nisaidieni», kwa kuwa safari nyingi za uwanja huo zilikuwa za kwenda na kurudi Paris. Neno hilo lilikubaliwa kimataifa mwaka 1927. Basi Mwingereza aliyezama aliomba msaada kwa Kifaransa kilichoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, na hakuna aliyelalamika kwamba lugha yake imedharauliwa. Kilichotakiwa ni kueleweka.

Hapa ndipo somo langu la isimu linapoingia melini. Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962, alionyesha kuwa kusema si kutoa habari tu. Kusema ni kutenda. Anayetamka «naahidi» ameahidi. Vivyo hivyo, anayetamka «Mayday» mara tatu katika chaneli ya 16 ya redio haelezi tu kuwa yu taabani. Amezibebesha wajibu meli zote zinazomsikia, na amewataka wengine wote wanyamaze. Lakini Austin alituonya pia kwamba tendo-usemi huhitaji masharti yake yatimie. Kamsa ya melini ina masharti matatu: chombo kizima, msemaji anayejua kupanga maneno, na msikilizaji aliye macho. Likikosekana moja, tendo linabatilika.

Sharti la msikilizaji lilifunzwa kwa gharama kubwa. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli ya Titanic ilipogonga barafu, mitambo yake ilikuwa inafanya kazi na mafundi wake waliijua kazi yao barabara. Meli ya Californian ilikuwa jirani kuliko ile iliyokuja kuokoa, lakini fundi wake wa pekee wa redio alikuwa amezima mtambo na kwenda kulala. Watu wapatao 1,500 walikufa. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliotiwa saini mwaka 1914, uliamuru redio za meli zisikilizwe usiku na mchana. Tangu tarehe 1 Februari 1999, mfumo mpya wa dunia umechukua kabisa mahali pa utaratibu wa zamani. Siku hizi nahodha hufungua kifuniko kidogo, akabonyeza kitufe chekundu kwa sekunde chache, na redio ikapeleka yenyewe kwa chaneli ya 70 namba ya meli na, ikiwa imeunganishwa na mtambo wa kupima mahali, pale ilipo. Kisha nahodha huhamia chaneli ya 16 akasema kwa kinywa.

Kipo pia kitoa-ishara kinachoelea, ambacho mabaharia hukiita kwa ufupisho EPIRB. Hukaa nje, juu ya meli, ndani ya kasha lake. Meli ikizama, kifungo kinachohisi uzito wa maji hujikata kabla ya kufika kina cha mita 4, kifaa kikaibuka na kuanza kuziita setilaiti kwa muda usiopungua saa 48. Ndani yake mna namba ya utambulisho ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi. Za Kenya ni 634. Kingine ni kile kinachojibu miale ya rada: meli ya uokoaji inapokaribia, hutokea katika kioo cha rada yake mstari wa nukta 12 unaoelekeza mahali palipo na watu. Halafu kuna fashifashi za mwamvuli zinazopaa mita 300 na kuwaka kwa sekunde 40, fashifashi za mkono zinazowaka kwa dakika moja, na moshi wa rangi ya machungwa kwa ajili ya mchana.

Nimevitaja vifaa hivi kwa urefu ili niulize swali la utunzaji. Betri ya EPIRB ina tarehe yake ya mwisho. Kile kifungo kinachojikata majini kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Fashifashi huchakaa kwa muda hata kama hazijaguswa, na nyingi hupewa miaka 3. Kitoa-ishara hupaswa kujaribiwa kila mwezi kwa swichi ya majaribio iliyowekwa kwa kazi hiyo, wala si kwa kukiwasha kweli, na kila jaribio huandikwa katika daftari la redio. Kazi hizi zote hazina shangwe. Hakuna anayempigia makofi baharia aliyefuta chumvi kwenye antena au aliyesoma tarehe katika kibandiko. Sifa za utunzaji huonekana siku moja tu, na mara nyingi siku hiyo haifiki. Ndiyo maana watu huupuuza.

Tusiwacheke mabaharia. Ni mara ngapi tumepanda matatu kutoka Bungoma kwenda Kitale, kizimamoto kikiwa kimefungwa chini ya kiti, mshale wake umelala kwenye sifuri? Ni shule ngapi zenye ndoo za mchanga ambazo zimegeuka majaa ya maganda? Mwezi Machi mwaka 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, Kwale, kwa kuwa milango ilifungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mlango wa dharura uliotiwa kufuli na kitoa-ishara kilichokufa betri ni ndugu wa baba mmoja: vyote huwapa watu imani ambayo haina msingi.

Kuna upande wa pili wa utunzaji, nao ni utunzaji wa imani ya msikilizaji. Sehemu kubwa sana ya ishara za dharura zinazopokelewa na setilaiti duniani si za kweli. Mtu ameosha sitaha akakigonga kifaa. Mwingine amekitupa kibovu katika jaa kikiwa bado kina betri. Mwingine amejaribu asilolijua. Kila ishara moja huwaamsha watu na pengine kurusha ndege. Ndiyo sababu kifaa husajiliwa, ili kituo cha uokoaji, kama kile cha Mombasa, kimpigie mwenyewe simu na kumuuliza. Kifaa kisichosajiliwa ni mtu anayepiga mayowe gizani bila kutaja jina. Na anayewasha kimakosa hatakiwi kukizima kimyakimya kwa aibu; yampasa atangaze kwamba ameifuta kamsa yake. Kunyamaza hapo ni kuwatuma wenzake baharini bure.

Sasa nifike kwenye lililonisukuma kuandika. Niliwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi: wajifanye manahodha wa chombo kinachoingiza maji usiku, waandike ujumbe wa redio kwa Kiswahili wasiozidi sekunde 30 za kusema. Wengi waliandika Kiswahili kizuri ajabu. Walianza kwa salamu, wakafuatisha majuto, wakaeleza upepo ulivyochacha na mawimbi yalivyofoka, na mwishoni kabisa, baada ya kumwomba Mungu, wakasema walipo. Wachache waliusahau upande huo kabisa. Siwalaumu. Adabu yetu ya mazungumzo yatutaka tuanze kwa kujuliana hali na kuzungukazunguka kabla ya kuliweka jambo mezani. Nyumbani, huo ni utu. Redioni, ni hatari, kwa kuwa betri inaweza kukatika baada ya sentensi ya kwanza.

Ujumbe wa dharura una mpangilio wake, na mpangilio huo si wa Kizungu. Ni wa mantiki. Kwanza neno la kamsa mara tatu. Pili jina la chombo mara tatu, na namba yake. Tatu mahali kilipo. Nne lililotokea. Tano msaada unaotakiwa. Sita idadi ya watu waliomo. Mahali huja mapema kwa sababu, mawasiliano yakikatika hapo, mwokoaji atajua aende wapi hata asipojua anakwenda kumtoa mtu katika moto au katika maji. Mwalimu wa lugha anaweza kuifundisha insha hii kwa kipindi kimoja tu cha dakika 40, na mwanafunzi ataitumia katika ajali ya barabarani, mafuriko ya Budalang'i au moto wa bweni.

Kuna mitego mingine ya lugha. Redio huwa na mikwaruzo, na sauti zinazofanana humezana. Kwa hiyo mabaharia hutaja herufi kwa maneno kamili, na hata tarakimu za Kiingereza zimebadilishwa matamshi ili 5 na 9 zisichanganyike. Sisi je? Katika mikwaruzo, «nne» na «nane» zinakaribiana mno, na «tatu» na «tano» zina silabi moja ya mwanzo. Ongeza athari ya lugha ya mama, ambapo baadhi yetu huku Bungoma hubadilishana *b* na *p*, na utaona kwamba kurudia na kutaja tarakimu moja moja si upuuzi.

Mtego mkubwa zaidi ni wa saa. Mswahili anaposema «saa nne usiku», saa za meli za kimataifa husoma 19:00, kwa kuwa mabaharia hufuata saa ya dunia ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, na tena hawahesabu kuanzia machweo. Anayetafsiri haraka haraka atasikia «nne» na kuandika 4. Saa kadhaa za makosa, na mkondo wa maji umeshawachukua watu maili nyingi. Halafu kuna kitenzi «kuweza». «Meli yaweza kuingia» ni ruhusa, ni uwezo, au ni kubahatisha? Misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari mwaka 2001, inawaonya mabaharia wajihadhari na maneno ya Kiingereza yenye utata wa namna hii hii, na inawapa alama za kutanguliza: hili ni swali, hili ni onyo, hili ni agizo.

Misemo hiyo ni ya Kiingereza, nami sina ugomvi nayo. Kijana wa Kitale anayetaka kuwa baharia wa meli za kimataifa hana budi kuijua. Lakini mkataba wa kimataifa huzihusu meli za abiria zinazovuka mataifa baharini na meli za mizigo zenye tani 300 na zaidi. Mashua ya omena haimo. Feri ndogo ya ziwani inaweza isiwemo. Humo, wasemaji na wasikilizaji ni Wakenya, Watanzania na Waganda, na lugha iwezayo kuwaunganisha iko vinywani mwao tayari. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Yawaje basi maagizo ya jaketi okozi yaandikwe kwa lugha ambayo mama aliyebeba kapu la dagaa haisomi? Meli ya Scandinavian Star ilipowaka moto tarehe 7 Aprili 1990 kati ya Norway na Denmark, watu 159 walikufa, na miongoni mwa kasoro zilizoonekana ni kuwa baadhi ya mabaharia na abiria hawakuwa na lugha ya pamoja. Ulaya ilijifunza kwa maiti. Sisi tunayo lugha ya pamoja na bado tunaiacha ufukoni.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, maagizo ya kila kifaa cha kuokolea maisha ziwani na pwani yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, na yasomwe kwa sauti kabla ya chombo kung'oa nanga. Pili, mabaraza ya Kiswahili ya nchi zetu yakae na mabaharia na wavuvi wenyewe, yatunge misemo michache sanifu ya dharura, yakianzia na maneno ambayo watu wa maji wanayo tayari, badala ya kuwaletea istilahi zilizopikwa ofisini. Tatu, maadamu chombo cha kamsa cha wavuvi wengi ni simu ya mkono, wafunzwe kuitunza kama kitoa-ishara: ndani ya mfuko usiopitisha maji, ikiwa na chaji, na namba za dharura kama 112 na 999 zikijulikana kwa moyo. Nne, walimu wa shule waiingize insha ya dharura katika ufundishaji wao, na kila muhula wanafunzi wapewe zamu ya kukagua vizimamoto na milango ya mabweni, waandike tarehe, na mwalimu mkuu atie sahihi.

Mwanafunzi unayesoma makala haya, fanya jambo moja wiki hii. Kitafute kizimamoto kilicho karibu nawe, bwenini au katika maabara, usome tarehe iliyoandikwa na uangalie mshale umeelekea wapi. Kisha waandikie wakuu wako sentensi tatu: kiko wapi, kina kasoro gani, kinahitaji nini. Kwa mpangilio huo huo.